Fomu Isiyo na Kisanduku cha Utani

Octavian Kasimiri alikuwa na digrii mbili za uchumi, na ungekaa naye dakika kumi ungezijua zote mbili, mwaka aliozipata, na jina la mwalimu aliyemsifu. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyesomea soko bila kutumwa sokoni. Mama yake, Recheli, mjane wa Kimoraviani, aliacha kumtuma tangu yuko darasa la nne, siku aliporudi na nusu kilo ya dagaa waliovunda kwa bei ya kilo nzima ya dagaa wazuri. Akaja mjini, akasoma, akafika Dodoma, akapewa kiti cha kuzunguka. Ndiye huyo tunayemzungumzia.

Kamati moja ya kusimamia huduma za afya ilitaka kujua jambo la maana kabisa. Maduka ya dawa mitaani yanashindana au hayashindani? Na kama yanashindana, mgonjwa anapona au anaumia? Kanuni ikaze wapi, ilegeze wapi? Octavian alilipenda swali hilo mpaka akalala nalo. Akaandika kwamba utafiti utafanyika Itetemia, pembezoni mwa Tabora, "eneo lililoteuliwa kwa vigezo vya kitaalamu". Kigezo chenyewe kilikuwa michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga za mama yake, na kitanda cha bure.

Pale Itetemia, hatua thelathini tu kutoka kwa Recheli, kuna maduka mawili ya dawa yanayotazamana, barabara ya vumbi katikati. La kulia ni la Levina, muuguzi mstaafu, mkatoliki wa misa ya kwanza. La kushoto ni la Najiat, mama wa Kiislamu wa mjini kwa vizazi vinne. Babu yake mkuu alikuwa Mzaramo, alikuja na misafara enzi za pembe za ndovu na wapagazi, akafika Tabora, akaonja asali, akasema sirudi. Levina yeye ni Mnyamwezi wa hapohapo, wa watu waliobeba hiyo mizigo. Sasa Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na utani wao ulizaliwa njiani humohumo, kati ya Pwani na hapa. Kila mtoto wa Tabora anajua. Octavian naye alijua, Mnyamwezi wa baba na mama.

Asubuhi ya kwanza alikaa kwenye benchi la fundi viatu aitwaye Shaban, fomu magotini, akasikiliza.

"Jamani wateja, msipotee njia," Najiat alikuwa anasema kwa sauti ya kufika kanisani. "Dawa za huyo mama ni chaki ya shule kaipaka rangi. Babu yake alimbebea babu yangu maboksi kutoka Pwani, moja akalificha porini. Ndilo analouza mpaka leo."

"Alilificha kwa sababu babu yako alikuwa amelala," Levina akajibu huku anamhesabia mtoto vidonge. "Mzaramo hawezi kutembea mpaka abebwe. Na hizo dawa zako, panya wa ghala la tumbaku walizionja wakaomba radhi."

Mtaa ulicheka. Shaban alicheka mpaka akaangusha nyundo. Octavian naye alicheka, tena kwa mdomo wazi, machozi yakamtoka, ikabidi avue miwani. Kumbuka hilo, kwa maana litamrudia.

Halafu alivaa miwani yake akatazama fomu. Fomu ilikuwa na safu kumi na mbili. Kulikuwa na safu ya bei, ya umbali, ya leseni, ya saa za kufungua. Safu ya tisa ilisema: "Dalili za ushindani (eleza)." Hakukuwa na kisanduku cha utani. Octavian aliitafuta sehemu ya kuliweka lile jambo kama mtu anayetafuta pa kuweka mwavuli kwenye chumba cha wageni, akakosa. Basi akaandika kwenye safu ya tisa, kwa mwandiko mzuri: "Muuzaji A anadai hadharani kwamba dawa za Muuzaji B ni chaki iliyopakwa rangi. Muuzaji B anadai dawa za A zimeharibiwa na panya." Alipomaliza aliisoma, akaiona imekaa kitaalamu sana.

Kisha akakuta jambo la pili lililomfurahisha zaidi. Bei zao, alizowauliza wateja waliopita benchini, zilikuwa sawasawa, shilingi kwa shilingi. Dawa ya maji ya watoto, elfu mbili mia tano huku, elfu mbili mia tano kule. Mseto wa malaria, panado, vidonge vya tumbo anavyokunywa mama yake, vyote hivyohivyo. Octavian alisisimka. Katika ukurasa wa kumi na saba wa ripoti yake aliandika maneno aliyokuja kuyajutia kuliko posa yake ya kwanza: "Bei zinazolingana kwa maduka jirani zina maana moja kati ya mbili. Ama wenye maduka wanashindana vikali hadi bei imefika chini kabisa, ama wamekaa kikao wakapatana kumkamua mgonjwa. Hakuna maana ya tatu." Na kwa kuwa ukurasa wa thelathini na moja ulikuwa na ushahidi wa matusi, akahitimisha kwamba Itetemia kuna ushindani mkali, soko lina afya, kanuni isiliguse. Alidhani amewafanyia wale kina mama hisani. Alidhani hivyo kwa moyo wake wote, masikini.

Akaisoma ripoti mbele ya kamati, mjini Tabora, kwa picha za ukutani zenye mishale. Alipigiwa makofi. Alikula sambusa tatu. Mama yake alipomuuliza amewaambia nini wakubwa, alimweleza kwa nusu saa, na Recheli alisikiliza akichambua mchicha, mwisho akasema tu, "Kwa hiyo umeandika kwamba Levina na Najiat wanachukiana?"

"Si kuchukiana, mama. Wanashindana. Ni lugha ya kitaalamu."

"Haya," Recheli akasema, akarudi kwenye mchicha wake. Ile "haya" Octavian aliisikia vizuri, ila aliipuuza.

Miezi miwili baadaye alikuwa kwenye kiti chake cha kuzunguka huko Dodoma simu ikaita. Recheli hapigi simu ovyo, vocha kwake ni kitu cha msiba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Njoo. Duka la Levina limefungwa. Limebandikwa karatasi nyekundu, na dawa zake zote zimechukuliwa kwenye maboksi. Wamesema anauza chaki."

"Nani kasema?"

"Wewe," mama yake akasema, akakata.

Mambo yalikuwa yamekwenda hivi. Ripoti ilipofika kwa mkaguzi wa dawa, bwana mmoja aitwaye Gerson, aliisoma yote. Octavian hakuwa amewahi kukutana na mtu aliyeisoma ripoti yake yote, wala hakutegemea. Gerson alifika ukurasa wa thelathini na moja akakuta mtaalamu wa digrii mbili ameandika kwamba kuna shuhuda anayedai hadharani dawa za duka fulani ni chaki. Mkaguzi yeyote mwenye akili angefanya nini? Akaenda akafunga. Kwa Najiat alichukua sampuli tu, kwani panya ni kosa dogo kuliko chaki.

Octavian alipanda basi. Njia nzima alijitetea kichwani kwa sentensi ndefu, na basi lilipokuwa linapita Nzega sentensi zilikuwa zimekwisha, imebaki aibu peke yake.

Alimkuta Levina amekaa kwenye kigoda nje ya duka lake, chini ya ile karatasi nyekundu, amevaa koti lake jeupe la kazi kana kwamba mteja angetokea. Hakutokea mtu. Watu walikuwa wanapita upande wa pili wa barabara, na wale waliomsalimu walimsalimu haraka. Miaka thelathini ya uuguzi mama huyu alidunga sindano nusu ya mtaa ule, Octavian mwenyewe akiwemo, akilia. Sasa kuna mama mmoja, jirani kabisa, aliyekuwa amemrudishia chupa ya dawa ya mtoto ikiwa nusu. Aliiweka mlangoni akaondoka. Levina alikuwa bado ameishika.

"Shikamoo mama Levina."

"Marahaba, baba. Umefika salama?"

Octavian alianza kueleza. Alieleza safu ya tisa, alieleza kisanduku, alifika mpaka kwenye lugha ya kitaalamu. Levina alimsubiri amalize.

"Ulicheka," akasema. "Nilikuwa nakuangalia. Ulivua miwani ukafuta machozi. Nikasema moyoni, mtoto wa Recheli amesoma lakini hajapotea. Halafu ukaenda ukaandika vile."

Octavian aliona haya kuliko alivyowahi kuona maishani, na angefurahi sana kama ardhi ya Itetemia ingepasuka kidogo tu, kiasi cha mtu mmoja na begi lake.

Akavuka kwa Najiat. Huko kulikuwa kubaya zaidi. Najiat, mwanamke wa sauti ya kufika kanisani, alikuwa anaongea taratibu kama mtu wa hospitali. "Nimemfunga mwenzangu kwa mdomo wangu mwenyewe," akasema. "Unajua kwa nini bei zetu ni moja? Dawa tunaagiza pamoja. Boksi zima duka la jumla wanatupunguzia, nusu boksi hawatupunguzii. Kijana wetu Adinani analeta kwa pikipiki, nauli moja, tunagawana hapa mezani. Ijumaa mchana nafunga naenda kuswali, wagonjwa wangu wako kwake. Jumapili yeye yuko misa, wagonjwa wake wako kwangu. Dawa ikiniishia natuma mtoto avuke. Sasa peke yangu siliwezi boksi. Wiki ijayo dawa ya watoto itakuwa elfu tatu na mia tano. Andika hilo nalo."

"Mbona hamkuniambia?"

"Uliuliza? Ulikaa kwa Shaban siku nne unaandika. Hukuvuka barabara hata kununua panado."

Kweli tupu. Octavian alikuwa amefanya utafiti wa maduka mawili bila kuingia hata moja, akiogopa "kuathiri matokeo". Sentensi hiyo imo kwenye ripoti, ukurasa wa tisa, na aliionea fahari.

Kesho yake Gerson aliitisha kikao katika ofisi ya kata. Mkaguzi huyu alikuwa mtu mpole, mwembamba, wa kalamu mbili mfukoni, na upole wake ndio uliokuwa unatisha. Mezani palikuwa na ripoti, imebandikwa vikaratasi vya rangi kila ukurasa. Levina alikaa upande mmoja na Najiat mwingine. Recheli alikuja pia, hakualikwa, akakaa nyuma na mkoba wake mapajani.

Octavian akasimama. "Mheshimiwa mkaguzi, maneno ya ukurasa wa thelathini na moja ni utani. Huyu ni Mnyamwezi, yule ni Mzaramo. Hakuna anayemaanisha."

"Wewe ulijua ni utani?" Gerson akauliza.

"Nilijua."

"Ukaandika ni ushahidi."

"Fomu haikuwa na pa kuandika utani."

Gerson aliandika hilo, neno kwa neno. "Sawa. Mimi ni Msukuma, nina watani wangu, nakuelewa. Majibu ya maabara nayo yamekuja jana, dawa za Bi Levina ni nzima. Kwa hiyo hawa si washindani?"

"Hapana, ni marafiki. Miaka kumi na moja."

"Marafiki," Gerson akarudia, akafungua kikaratasi cha njano. "Basi nisaidie ukurasa wa kumi na saba. Unasema bei zikilingana, ama wanashindana vikali, ama wamepatana kumkamua mgonjwa. Sasa umeniambia hawashindani." Akainua macho. "Na umeandika hakuna maana ya tatu. Kwa hiyo nisimfungie mmoja kwa chaki, niwafungie wote wawili kwa njama?"

Najiat alimtazama Levina, Levina akatazama chini. Octavian alikuwa amemtoa mama wa watu kwenye shimo moja akamtumbukiza kwenye jingine, tena amemwongezea mwenzake wa kushikana mikono humo ndani, na mashimo yote mawili aliyachimba mwenyewe kwa mwandiko mzuri. Aligeuka akamwona mama yake. Recheli hakumkunjia uso. Alikuwa anamtazama vilevile kama siku ile ya dagaa.

"Kuna maana ya tatu," Octavian akasema.

"Sikusikia."

"Kuna maana ya tatu. Wanaagiza pamoja kwa sababu kila mmoja ni mdogo mno kuagiza peke yake. Bei ni moja kwa sababu boksi ni moja na pikipiki ni moja. Fungua kiambatisho cha nne, mkuu. Nilipita kijiji kimoja njia ya Puge, chenye duka moja tu, halina jirani wala rafiki. Dawa ya watoto pale ni elfu tatu mia sita. Hapa ni elfu mbili mia tano. Kama hawa wanamkamua mgonjwa, basi hawajui kukamua."

Gerson alifungua kiambatisho. Alichukua muda wake. "Namba hii ulikuwa nayo siku zote?"

"Nilikuwa nayo."

"Mbona hukuitumia?"

Octavian angeweza kusema mengi, na mengine yangekuwa na maneno ya kitabu. "Ilikuwa inaharibu ukurasa wa kumi na saba," akasema. "Na ukurasa wa kumi na saba ulikuwa umekaa vizuri."

Nyuma, Recheli alikohoa kidogo. Gerson akavuta karatasi nyeupe. Alitaka jambo hilo liandikwe na kutiwa saini, libandikwe mbele ya ripoti, juu kabisa, kabla hata ya jina la mtaalamu, na nakala iende kwa kila aliyepiga makofi. Octavian aliandika: "Mimi niliyeandika ripoti hii nilisikia utani nikaucheka, kisha nikauandika kama ushahidi. Nilikuwa na bei za kunikosoa nikaziweka nyuma. Sura ya kwanza hadi ya tatu zisitumike." Alijua fika kwamba baada ya hapo hakuna kamati itakayompigia simu kwa muda mrefu, na kile kiti cha kuzunguka kitapata mtu mwingine. Ila aliandika mpaka mwisho.

Karatasi nyekundu ilibanduliwa jioni ileile, na maboksi yakarudi. Gerson aliagiza jambo moja tu. Kuagiza pamoja ruksa, lakini miezi sita atapita kila mwezi kuangalia bei, kwani nchi nzima ingependa kuona dalili za ushindani, na yeye ana fomu ya kujaza. Fomu yenyewe, alisema kwa upole, ni ile ya Octavian, pamoja na safu yake ya tisa.

Octavian alibaki kwa mama yake wiki mbili, hana pa kukimbilia. Akatumwa sokoni, kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na sita, akarudi na dagaa wazima. Lakini kila akipita ile barabara ya vumbi moyo ulimwuma. Mtaa ulikuwa kimya. Wateja wa Levina walikuwa wamerudi, mmoja mmoja, yule wa chupa nusu naye alirudi na kuku wa kuombea radhi. Utani ndio haukurudi. Asubuhi Najiat alifungua duka akasema, "Habari za asubuhi, Bi Levina." Levina akajibu, "Njema, Bi Najiat." Basi. Kama watu wa benki. Shaban fundi viatu alisema kazi imekuwa ndefu siku hizi, saa haziendi.

Siku moja Recheli alimtuma vidonge vya tumbo. Alifika katikati ya barabara akasimama. Kulia Levina anapanga chupa, kushoto Najiat anafuta kaunta. Mwanaume mzima wa digrii mbili alikohoa mara mbili.

"Bi Najiat," akasema kwa sauti ya kufika angalau kwa Shaban. "Babu yako alipofika hapa kutoka Pwani alibebwa na babu yangu. Mpaka leo ukoo wetu unaumwa mgongo. Nimekuja kuchukua dawa ya mgongo, na sitalipa."

Najiat aliacha kufuta. Hakucheka. Alimtazama kuanzia viatu hadi miwani. "Kalamu iko wapi?" akauliza.

Octavian alitoa mifuko yake nje, yote minne, mbele ya mtaa. Ilitoka noti ya Recheli, leso, na ganda la karanga.

"Simu?"

"Iko nyumbani."

Najiat alivuta pumzi, na mtaa mzima uliona kifua chake kikijaa. "Levina," akaita, kwa ile sauti ya zamani. "Njoo umwone Mnyamwezi mwenzio. Walimpeleka shule miaka yote hiyo akasomee kubeba mzigo, karudi hata karatasi imemshinda kubeba."

Levina alikuwa ameshika chupa. Aliiweka chini taratibu. "Huyo si wetu," akajibu. "Huyo ninyi mlimwacha njiani na msafara, sisi tukamwokota tukamhurumia. Nilimdunga sindano ya akili mwenyewe, ila nilinunua dawa kwako, ilikuwa imeliwa na panya."

Shaban aliangusha nyundo. Octavian alicheka mpaka akavua miwani, na hakuna aliyemkataza.

Alipomaliza kujifuta akavuka kwa Levina, noti mkononi, akaomba vidonge vya tumbo vya mama yake.

"Leo nenda kwa Najiat," Levina akasema, akishusha sauti. "Leo yeye ni rahisi kwa shilingi hamsini. Jumatatu mpaka Jumatano ni yeye, Alhamisi mpaka Jumamosi ni mimi. Mkaguzi anapita kesho na fomu yako, anataka aone tunashindana."

Octavian alishukuru, akavuka barabara, akanunua.